Seli ya Tano

Shemeji yangu Kaingu alitunza betri za foklifti za kuinulia mizigo kwenye yadi ya makontena kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo Mtongwe nzima hakuna wa kumwambia kitu kuhusu betri. Mimi nimejaribu. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimezoea kuzungumza na watu wasiosikia.

Dada yangu Dama, mkewe, mapafu yamemchakaa. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, na daktari alituambia wazi kwamba zaidi ya mashine ile hana la kuongeza. Mashine inakula umeme, na umeme wa kwetu hukatika upendapo. Ndipo Kaingu akajiundia betri nyumbani: seli nane za lithiamu ndani ya sanduku la mbao, bodi ndogo ya kuzilinda, na waya nyembamba zinazotoka kwenye kila seli kupeleka habari kwa bodi hiyo. Seli zote zatakiwa ziende sawa. Moja ikijaa kabla ya nyingine, bodi hukata chaji, na betri nzima hubaki na njaa.

Ya tano ndiyo iliyomtoa jasho. Kila alipochaji, simu yake, iliyosoma habari za bodi, ilimwonyesha ya tano imejaa pomoni na nyingine ziko nusu. Umeme ukikatika, betri iliyotakiwa kuvuta saa sita ilivuta dakika ishirini, kisha mashine ikalia na kunyamaza. Tukabaki na upepeo na dirisha. Nilimpepea dada yangu huku nikitazama midomo yake ikigeuka rangi, naye Kaingu ameinamia sanduku kana kwamba mgonjwa yumo humo.

"Wajionaje, mamake Mweri?" huuliza bila kugeuka.

"Mzima tu," Dama hujibu.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikujulia hali, humtwiki mzigo wako.

Aliibadilisha seli ile mara mbili. Haikusaidia. Akazifungua zote, akaziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikae siku mbili zigawane mpaka zilingane. Katika siku mbili hizo umeme ulikatika mara tatu, na mimi nilikasirika hata nikashindwa kumwita shemeji. Alipozipanga upya, ya tano ikawa vile vile. Akaketi sakafuni, akanigeukia.

"Kache, nifanyeje?"

Kaingu sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu jambo la betri. Niliogopa kuliko siku zile zote ambazo mashine ililia.

"Mtoto akinisumbua nyuma ya darasa, namhamishia mbele," nikamwambia. "Kelele zikibaki kule nyuma, najua si yeye."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, lakini aliichukua seli ya tano akaiweka mahali pa ya pili, na ya pili akaileta pa tano. Akachaji. Tatizo likabaki pale pale pa tano.

Ndipo akaitoa mita yake ya zamani, ambayo hakuwa ameigusa tangu simu ianze kumsomea kila kitu, akapima seli yenyewe. Ilikuwa sawa na zile saba. Iliyodanganya ni waya nyembamba: ncha yake, chini ya nati, imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa yetu. Waya nene alizipaka grisi zote, kama alivyozoea kazini. Hizi za kupeleka habari hakuzihesabu, kwa kuwa betri zake za foklifti hazikuwa nazo. Akaikata ncha ile, akaichuna upya, akaibana. Kesho yake seli nane zilijaa pamoja.

Jumanne saa nane mchana umeme ukakatika. Mashine haikulia. Saa tisa ikaendelea, saa kumi ikaendelea. Kaingu alicheka peke yake, akalipiga sanduku kofi la mapenzi, akaenda kuketi kitandani kwa mkewe.

"Wajionaje sasa?"

"Mzima tu."

Lilikuwa jibu lile lile la siku za dakika ishirini. Nilimwona Kaingu akilisikia. Akachukua kile kipimo kidogo cha kidoleni tulichopewa hospitali, kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, akambana nacho. Themanini na moja, na mashine ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Akakitoa, akakibana kidoleni mwake mwenyewe: tisini na saba. Akakipangusa ndani kwa ncha ya shati, akakipuliza, akakirudisha kidoleni mwa mkewe. Tukangoja wote watatu, mashine ikinguruma vizuri kabisa.

Themanini na moja.

"Babake Mweri," Dama akasema taratibu, "hicho hakina kutu. Kiache."

Kaingu hakukiacha. Alikipangusa tena.