Silinda Hedi Iliyochongwa Kidogo

Fundi Vipimo alikuwa ameshika bomba la sindano, amebana pumzi, jicho kwenye mstari, mtu akachungulia gerejini kuuliza kama anauza betri kuukuu. Hesabu ikapotea. Hauzi betri. Hajawahi kuuza betri. Kibao cha mlangoni kinasema INJINI, kwa herufi ambazo hata mtu wa ng'ambo ya barabara anazisoma.

Akafuta mafuta ya taa yote, akaanza upya kwa mara ya nne.

Juu ya benchi silinda hedi ya gari la dada yake, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini, ilikuwa imelala chali, na kipande cha kioo kimegandishwa kwa grisi juu ya chumba cha kwanza cha kuchomea petroli. Alikuwa akidondosha mafuta ya taa kupitia tundu la kioo, mililita baada ya mililita, apate kujua petroli na hewa zimebakiwa na nafasi gani ya kubanwa. Dada anafundisha watu udereva, na gari lake ni hilo hilo moja. Wiki iliyopita pistoni ilipasuka mlimani, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Pistoni mpya zilikuwa pale kwenye boksi, na Vipimo alikuwa ameapa hafungi hata moja kabla hajajua injini inabana mara ngapi. Zikipasuka na hizi, shule ya dada imekwisha.

Safari hii hakuja mtu. Mililita ishirini na saba. Akaongeza nafasi ya gasketi na uwazi wa juu ya pistoni, akapata thelathini na nne. Pistoni ikishuka mpaka chini, mia nne na nane. Akagawa: kumi na mbili. Akagawa tena kwa kalamu nyingine, utadhani kosa ni la wino. Injini ilitoka kiwandani ikibana mara tisa na nusu, leo inabana mara kumi na mbili! Kwa petroli ya kawaida, moto unawaka kabla ya wakati wake na kuitwanga pistoni mpaka ipasuke.

Hedi ilikuwa imechongwa uso mpaka vyumba vikapungua kina, tena si mara moja. Akampigia simu fundi wa karibu na kituo cha mafuta, aliyelishika gari mwaka jana.

"Nilipunguza kidogo tu, bwana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kawaida."

Vipimo akaandika ubavuni mwa boksi la pistoni: *Fundi wa kituoni: kidogo.* Akampigia mchongaji mwenye mashine, aliyewahi kuishika hedi hiyo.

"Aa, mimi nilisafisha uso tu, kaka. Kidogo."

Akaandika na hilo, kwa hasira iliyotoboa boksi.

"Kidogo ni namba?" alifoka Vipimo dada yake alipoingia. "Fundi cherehani akikata suruali ya mtoto anaandika inchi! Hawa wanakata chuma, chuma dada, halafu hawaandiki kitu! Watu wazima hawa!"

"Mdogo wangu, punguza sauti, majirani watadhani tunagombana." Dada hakuzoea kukaa bure, kwa hiyo alichukua tambara na kuanza kusugua masizi ubavuni mwa hedi. Mara akaacha. "Hizi nukta mbili si alama yako?"

Vipimo aliinama. Kila hedi anayoichonga huigonga nukta mbili pembeni, asije akabambikiwa kazi ya mtu mwingine. Zilikuwa zake.

"Ni mwaka ule kabla sijafungua shule," dada akasema. "Uliniambia gari litapanda mlima kama linateremka. Kweli lilipanda. Ulichonga kiasi gani?"

Akafungua kinywa, akalisikia neno linalokuja, akakifunga. Siku ile alikuwa na furaha na haraka, na hata rula hakuitoa mfukoni. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Jumatatu nina wanafunzi sita," dada akasema.

"Hawataendesha. Lazima nitafute hedi nyingine. Na ile pistoni, dada... na mimi nimeipasua."

Dada akalivuta boksi, akasoma ile mistari miwili, akamrudishia pamoja na kalamu.

"Andika na wewe."

Akaandika chini ya wenzake, kwa ule mwandiko wake mzuri unaosifiwa mtaa mzima: *Fundi Vipimo: kidogo.*