Mavi ya Kuku Kwenye Mlimao Wangu

Mimi niliishia darasa la pili, lakini mavi ya kuku nayajua. Kwa hiyo nilipoyaona kwenye mlimao wangu, meusi na doa jeupe, na majani yameliwa pembeni, sikuuliza mtu. Nilisimama uani nikaita, "Yusta! Kuku wako wanalala kwenye mlimao wangu!"

"Dada, kuku wangu wanalala jikoni."

"Basi jiko lako halina mlango."

Yusta ni jirani yangu hapa Ilula tangu tuko wasichana wa kubeba nyanya barabarani. Ndiye anayenipitia Jumapili twende kanisani, maana macho yangu na makorongo ya njia hayaelewani. Hata hivyo Alhamisi, baada ya rozari, nilimsema mbele ya jumuiya nzima. Kesho yake Yusta akawatia kuku wote kwenye tenga, akapanda nao basi hadi kwa binti yake Ruaha Mbuyuni. Jumapili hakunipitia.

Mavi yakaendelea. Nikasema amebakiza mmoja, anamficha.

Ijumaa iliyofuata nikachoka. Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikaanza kuosha jani moja moja. Doa la kwanza nililolisugua likainua kichwa, likanitolea pembe mbili nyekundu, likanuka kama limao lililooza. Nilirudi nyuma nikakaa juu ya ndoo. Viwavi! Mlimao mzima. Na wale vipepeo weusi wenye madoa ya manjano waliokuwa wanauzunguka, mimi nilikuwa nawasifia.

Nilitukana viwavi, nikatukana macho yangu, mwisho nikabaki sina wa kumtukana.

Kumwomba Yusta radhi kwa mdomo wangu sikuwa tayari. Kiwavi mmoja mkubwa nikamtia kwenye bakuli na kijiti chenye majani, nikafunika na kipande cha chandarua. Alhamisi nitamgusa, atoe pembe, watu waone wenyewe, mimi ninyamaze. Nilimlisha kama mgeni. Akageuka kijani, akanenepa.

Alhamisi sala ilikuwa kwangu. Yusta alikuja, akakaa karibu na mlango. Nikafunua bakuli. Kiwavi hayupo! Kwenye kijiti kimeng'ang'ania kitu kama jani lililosinyaa. Nikakigusa. Kimya. Nikakigusa tena.

"Mama Vitus," akasema Mzee Bartholomeo, mwenyekiti wetu, "umetuitia jani?"

Watu wakacheka. Yusta hakucheka.

Ikabidi niseme mwenyewe, nimesimama, bakuli mkononi. "Yusta, hayakuwa mavi ya kuku. Ni viwavi, na huyu humu amejifunga ndani ya ganda. Nimekukosea."

"Sijasikia, dada. Siku ile kuku wangu uliwasema kwa sauti."

Nikarudia, kwa sauti.

"Haya. Jumapili saa kumi na mbili uwe umeshavaa," akasema. "Na kuku wangu utawafuata wewe."

Jumatatu nikapanda basi la Ruaha Mbuyuni na tenga tupu magotini, joto la kule likanipokea. Nyumbani yule wa kwenye bakuli nilimwacha bado amejikunja pale pale kwenye kijiti, kimya, kama hakunifanya kitu.