Kitambaa cha Laptop

Laptop ile niliinunua ili nishinde na mama. Sikuinunua kwa ajili ya kazi wala kutazama filamu. Mama yuko Tanga, mimi niko Thamesmead, London, kwenye flati ya ghorofa ya juu ambayo dirisha lake linatazama madirisha ya watu wengine. Kwa simu tulikuwa tunazungumza, lakini simu lazima uishike, na ukishaishika huna budi useme. Unasalimia, unauliza afya, unauliza mvua, habari zinakwisha, mnaagana. Mimi nilitaka tushinde kama watu wanavyoshinda nyumbani: huyu anachambua mchele, yule anafuma, mtu anatoa neno moja baada ya kimya kirefu na hakuna anayeona ajabu.

Basi kila Jumamosi, siku ambayo siendi kazini, nikawa naifungua laptop juu ya meza ya jikoni. Mdogo wangu, anayeishi na mama, anaiegemeza tableti yake kwenye chupa ya chai kule uani, na siku inaanza. Mama na uzi wake, mimi na vitunguu vyangu. Mimi nasikia jogoo wa jirani yao, yeye anasikia ving'ora vya ambulensi za huku, na kila kikipita anauliza nani anaumwa. Namwambia simjui. Anasema kumbe mtu unaweza kuishi mahali usimjue anayeumwa.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Mdogo wangu hakunificha. "Dada," aliniambia, "akishinda na wewe Jumamosi, wiki nzima anakutaja. Jumamosi ikipita bila kukuona, ananiuliza yule mtu wa kwenye kioo ni nani." Nilikuwa ndani ya basi aliponiambia hivyo, na nilipitiliza kituo changu. Tangu siku ile nilijua hesabu yangu ilivyo. Kila Jumamosi iliyopotea ilikuwa inanitoa kidogo kichwani mwa mama yangu, na hakuna aliyeweza kuniahidi kwamba nitarudi.

Mama aliposikia laptop ni mpya, swali lake la kwanza lilikuwa: "Umeivika nini?"

Nyumbani kwetu kitu kipya hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni ilikuwa na chake, friji, jagi la maji, mpaka migongo ya makochi ambayo hatukuruhusiwa kukalia bila mgeni. Vyote kavifuma mama kwa mkono wake. Akaniuliza laptop ina shubiri ngapi, nami nikatandaza kiganja mbele ya kamera nikampimia, huku mdogo wangu akicheka nyuma yake. Kitambaa kikaja na mtu aliyekuwa anasafiri, kimefungwa pamoja na bizari, kwa hiyo mpaka leo kinanukia pilau. Cheupe, pindo la buluu, na kamba za kufungia kwenye pembe nne ili kiikumbatie laptop kwa chini na kando. Alikifuma kwa uzi wa sufu, tabaka mbili. Kwa nini mbili? "London baridi," alisema. "Isije ikapata homa."

Nikaifunga kamba zote nne. Ningeiachaje wazi wakati mama ataniuliza?

Wiki kilipofika kitambaa ndiyo wiki ilipoingia apdeti ya kwanza, na lawama zote nikaitupia apdeti. Laptop ilianza kunguruma, kioo kikaganda, kisha kikawa cheusi ti, mama akiwa katikati ya kunieleza bei ya nazi. Nikaiwasha, ikazimika. Nikaiacha ikapumzika, ikawaka vizuri, nikasema nashukuru, ikazimika tena. Ikawa ndiyo mtindo. Siku za kazi nikiifungua kwa muda mfupi haina neno, lakini apdeti ikishaingia, Jumamosi nikiiweka kutwa, inakufa mikononi mwangu.

Kazi yangu mimi ni kwenye ofisi ya hospitali, kupokea simu na kuwaambia wagonjwa wasubiri. Sasa na mimi nikawa mtu wa kusubiri. Nilipiga simu kwa watu wa laptop, nikawekewa muziki, kisha kijana mwenye sauti ya upole mno akaniambia niiondoe ile apdeti. Nikaiondoa. Ikakaa siku kadhaa vizuri, mpaka ikajiletea nyingine yenyewe bila kuniomba ruhusa. Nikapiga tena, nikaambiwa niifute yote irudi ilivyotoka kiwandani. Nikaifuta. Ilipomaliza kuzaliwa upya, jambo la kwanza ililofanya ni kuingiza apdeti zote kwa mkupuo, na mimi nikakaa mbele yake nikiitukana kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu cha matusi ni hafifu.

Jumamosi mojawapo ilizimika mapema kabisa. Nikampigia mdogo wangu kwa simu. Akaniambia mama ameishika tableti anaigeuzageuza, anaangalia nyuma yake.

"Anatafuta nini?"

"Anakutafuta wewe, dada. Anasema ulikuwa hapa sasa hivi."

Nilikaa jikoni na vitunguu vilivyokatwa nusu, na kulikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikifanya kazi. Nilikuwa mpweke, na nalisema hivyo hivyo bila kulipamba. Chini yangu anakaa mama mmoja wa Kikongo, tunasalimiana kwenye ngazi, "Habari, mama," "Nzuri, mama," na mtoto wake nikimsalimia ananijibu "Hi." Hapo ndipo Kiswahili changu cha wiki kilipokuwa kinaishia.

Nikaibeba laptop mpaka Queensbury, upande mwingine wa London, kwa basi, treni, na treni nyingine, kwa fundi mmoja mwenye duka dogo, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Nikaivua nguo zake nikazikunja mfukoni, maana kitambaa cha mama hakiachwi dukani. Akaiweka juu ya kaunta ya kioo, akakaa nayo siku kadhaa, akanipigia simu.

"Dada, machine iko sawa kabisa. Updates zote nimeweka, hapa inawaka asubuhi mpaka jioni. Hakuna fault."

"Mzee, kwangu inazimika."

"Basi iko na shida na kwako, si na machine."

Neno hilo lilinichoma kuliko alivyokusudia. Nilirudi nayo nikiwa nimeipakata, nikaiweka mezani, nikaivika, nikaiwasha. Jumamosi ikazimika. Nikaanza kushuku umeme wa jengo, kisha intaneti. Nikafika mahali pa kujiuliza kama flati yenyewe ina mkono wa mtu, na hapo nikajua nimekaa peke yangu kupita kiasi.

Kilichoniokoa ni chai. Ijumaa moja, nikitoka kazini, niliweka kikombe vibaya kikamwagikia pindo la kitambaa. Nikakifungua haraka, nikakifua kwa mkono, nikakianika juu ya hita. Sufu tabaka mbili haikauki upesi. Asubuhi yake kikawa bado kibichi, na laptop ikakaa mezani uchi wa mnyama. Apdeti ikaingia. Feni ikanguruma. Mimi nikajiandaa kwa msiba. Ikamaliza, ikajizima yenyewe kistaarabu, ikawaka, ikaendelea kuwaka.

Nikaiinua nikaichungulia chini. Kulikuwa na safu ya matundu madogo, na hewa ya moto ilikuwa inatoka. Nikayatazama yale matundu, nikakitazama kitambaa kwenye hita, na nikacheka kwa sauti mle jikoni, kicheko ambacho hakikuwa na mwenzake. Mwanamke mzima nimesumbua watu wa simu, nimesafiri Queensbury, nimeshuku uchawi, kumbe nilikuwa naiziba pua. Ikifanya kazi kidogo inavumilia. Ikipewa kazi nzito ya apdeti, na mimi na mama juu yake kutwa, inakosa pumzi na kuzimia. Baridi ya London haikuwahi kuigusa hata siku moja.

Kicheko kilipokwisha nikaona shida iliyobaki. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba kitambaa kile ndicho cha mwisho mama alichomaliza. Tangu hapo alikuwa anafuma mistari michache, anafumua, anaanza upya. Na kila Jumamosi tuliyofanikiwa kuonana aliniuliza: "Kitambaa umeivika?" Nami kila mara nilimwambia ndiyo. Sasa nikitaka kumwona lazima niivue, na nikiivua nitamwambia nini?

Nikakitandika kwenye mgongo wa kiti, kibichi hivyo hivyo, nikakaa kwenye kiti hicho. Nikapiga.

Mama alitokea, uani, uzi mapajani. Alinitazama kwa muda mrefu. Zilikuwa zimepita Jumamosi nyingi mbaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mwanangu, mama humwita hata muuza mkaa. Niliutafuta uso wake nione kama nimo, sikuweza kujua. Nikasubiri aniulize kama nimeivika. Hakuuliza. Akasogea karibu na kioo, akakunja macho, akawa anaangalia nyuma ya bega langu.

"Hicho kitambaa kizuri," akasema. "Nani kakufumia?"

Nikageuka nikakiangalia, ili asinione uso.

"Mama yangu."

"Ana mkono mzuri. Pindo halikuyumba hata kidogo." Akatikisa kichwa kama fundi anavyomsifu fundi mwenzake. "Umsalimie sana."

"Zimefika, mama," nikasema.

Alikuwa ameshaokota sindano yake ya kufumia. Nikachukua kisu na kitunguu. Laptop haikuzimika, na tukashinda mpaka jua likatua kwao.