Kiatu Kilichobaki Handeni

Nakumbuka siku niliyoitangazia Handeni vita nikiwa nimevaa soksi. Usicheke kwanza, mwanangu. Tukifika pa kucheka nitakuambia mwenyewe. Na ujue kwamba siku ile wewe ndiye uliyekuwa hatarini kuliko sote, ingawa ulikuwa hata hujazaliwa.

Tangu juzi nakuona umeinamia simu unajenga miji. Nilipokuuliza ni nini hicho, ukanijibu kwa heshima zako zote, "Baba mdogo, hili gemu huwezi kulielewa." Nikanywa chai yangu. Lakini jana ukaniudhi kidogo. Wiki ijayo nakwenda Kwashemshi kukuposea, nawe ukaja kunifundisha kazi: ati niwe mkali, nisikubali kila watakachosema, wakitaka kitu nami nidai kitu. Nikajiambia, lo, huyu nimemwona mahali. Huyu ni mimi.

Enzi hizo nilikuwa kijana wa kupiga chapa barua za watu kwenye duka moja la steshenari pale Manundu, hapa Korogwe. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mpenda usingizi wa mchana. Mwanawe alipokwenda kusoma Dar aliacha gemu ndani ya kompyuta ya dukani, nami kila wateja walipopungua nikawa nalicheza. Unaanza na kibanda kimoja na watu wachache wenye mashoka. Unawatuma wakalime, wakakate miti, wakachimbe mawe. Unajenga ghala, unajenga soko, unagundua gurudumu, unagundua maandishi. Ukizubaa jirani anakuja na farasi anakuchomea kila kitu. Nililipenda lile gemu kuliko chakula. Haukupita muda nikawa mfalme, na ufalme ukanipanda kichwani.

Gemu lilinifundisha kwamba duniani hakuna cha bure. Ukimpa jirani ngano, akupe chuma. Na jirani akichukua kitu chako, hata kidogo, hata huku anatabasamu, ujue anakupima. Ukinyamaza, zamu ijayo yuko mlangoni na jeshi.

Elimu hiyo niliijaribu kwanza kwa bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akiuza machungwa karibu na stendi ya Korogwe, na kila aliyenunua fungu alimwongezea chungwa moja la nyongeza. Nikamkalisha, nikamweleza kwamba nyongeza inaua uchumi. Nikamchorea ghala mchangani, nikamchorea mishale ya mali inavyoingia na inavyotoka. Masikini mama akanisikiliza, maana mimi ndiye nilikuwa nakaa na kompyuta. Akaacha nyongeza. Wiki haikwisha, wateja wake wote wakahamia kwa mwenzake wa pembeni, na machungwa yetu tukayala wenyewe mpaka meno yakafa ganzi. Hakunigombeza. Alirudisha nyongeza yake, akaniambia lile chungwa halikuwa la kuuza, lilikuwa la kumfanya mtu apite tena kesho. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda.

Sasa tuje kwa baba yako. Kaka yangu Athumani alimpenda mama yako, Mwanaidi, tangu alipokuja Korogwe kujifunza ushonaji. Aliporudi kwao Handeni, Athumani akawa mtu wa kukaa mlangoni akitazama barabara. Tukapeleka barua ya posa, ikapokelewa, tukaitwa twende tukasikilize jibu. Lakini kulikuwa na mwingine, mfanyabiashara wa ng'ombe, tena mwenye mali. Huyo alikuwa chaguo la mjomba wake Mwanaidi, na mjomba ndiye mwenye sauti katika ile nyumba. Asubuhi ya safari Athumani alinishika mkono. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu nikimkosa sijui nitaishije."

Tulikwenda wawili. Mzee Hemedi, jirani yetu wa Masuguru, ndiye alikuwa mshenga, mtu mwenye tumbo na subira. Mimi nilikuwa wa kubeba mkungu wa ndizi na furushi la kanga na sukari. Nilikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vipya, nilivyonunua kwa mshahara wangu mwenyewe. Nitakuambia ukweli, nilivipenda viatu vile kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Handeni walitupokea vizuri sana. Tukavua viatu mlangoni, tukakalishwa mkekani, tukaletewa ugali na kuku, tukanawishwa mikono. Mama yako alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama desturi. Mzee Hemedi akajikohoza ili aanze maneno yake. Hapo ndipo akaingia Bibi Zaina.

Bibi Zaina alikuwa mama wa yule mjomba, na kwa Mwanaidi ni bibi mzaa mama. Mfupi, mkavu, amejifunga kanga kiunoni, na miguuni amevaa viatu vyangu. Vilikuwa vikubwa kwake, akawa anaviburura sakafuni anatembea kwa maringo mbele yetu. "Hawa wa Korogwe wamekuja kuchukua binti," akasema, "basi sisi tumeanza na viatu. Na yule mwenye soksi iliyotoboka namtaka mwenyewe, nimkaange." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee Hemedi naye akacheka mpaka tumbo likatikisika, akamjibu kwamba viatu vimempata mwenyewe, maana watu wa Handeni miguu yao imekua kwa kutafuta maji. Wakacheka zaidi.

Ulikuwa utani, mwanangu. Mtoto mdogo angejua ni utani. Mimi nami nimezaliwa na kukulia ndani ya utani, mababu wameniita mume mwenza tangu sijui kutembea. Lakini siku ile kichwani mwangu hakukuwa na mababu, kulikuwa na gemu. Nikaona jirani amevuka mpaka. Nikaona amechukua mali huku anatabasamu. Nikamwona mshenga wetu anacheka badala ya kujibu mapigo, nikasema moyoni, huyu mzee anauza nchi.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilisimama nikajikwaa vyote viwili, maana niliukanyaga mkeka vibaya nikapepesuka kabla sijasema. Kisha nikatamka, kwa sauti ya mfalme, "Viatu vyangu virudi sasa hivi. Visiporudi mazungumzo yamekwisha, na zawadi zetu tunaondoka nazo." Kicheko kikakatika. Nikangoja waogope, kama majirani wa kwenye gemu wanavyoogopa. Hakuna aliyeogopa. Basi nikauinua ule mkungu wa ndizi, nikautia begani, nikatoka nje.

Hapo sasa, mwanangu, cheka. Nilikuwa katikati ya ua, jua la saa nane kichwani, mchanga unawaka, mkungu begani, soksi moja nzima na moja kidole kimechungulia. Nauli ilikuwa kwa Mzee Hemedi ndani. Jeshi langu lilikuwa mimi na zile ndizi. Nikawa nainua mguu huu nashusha ule, na mbuzi mmoja akaanza kuzila ndizi kwa nyuma bila mimi kujua.

Kilichonizindua ni sauti ya mjomba kutoka ndani. Alisema polepole, kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta, "Basi jibu wamelitoa wenyewe. Zawadi wamechukua, waende."  Halafu nikasikia nyuma ya dirisha la chumbani mtu analia kwa kujizuia, na nikajua ni Mwanaidi.  Nilimwona akilini Athumani kaka yangu amekaa mlangoni anatazama barabara, anatungoja. Nilikuwa nimeuza maisha yake kwa jozi ya viatu. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Bibi Zaina akatoka, bado amevivaa. Akamfukuza mbuzi, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akaniambia niketi chini nisije nikaungua nikamtia gharama. Kisha akataka kujua ni nani aliyenifundisha ile hotuba. Nilishindwa kudanganya. Nikamweleza habari za gemu, nusu nalia: jirani, mpaka, ghala, jeshi. Alisikiliza kwa makini sana, akauliza kama humo watu wanaoana. Nikasema hapana. Akauliza mtu akifa anazikwa na nani. Nikasema anapotea tu. Akauliza ukishawashinda majirani wote, unakuwa na nani. Nikasema unakuwa umeshinda, mchezo unaisha.

Akatikisa kichwa kwa huruma, si kwangu, kwa mfalme yule wa kwenye gemu.

"Mjukuu wangu," akasema, "sisi tunawapa binti. Binti si kiatu, hukopeshwi ukarudisha. Sasa nitawajuaje watu ninaowapa? Naanza na kiatu, kwa sababu kiatu ni rahisi. Mtu akichukuliwa kiatu akacheka, nitampa na kikubwa zaidi. Akichukuliwa kiatu akaleta vita, siku binti yangu akiunguza ugali ataletewa nini?"

  Niliinamisha kichwa nikamwomba anisaidie, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya kaka yangu. Akacheka kile kicheko chake kikavu, akainuka, akanishika sikio. Ndivyo tulivyoingia ndani, yeye mbele na viatu vyangu, mimi nyuma na mkungu uliotafunwa na mbuzi.

"Vita imekwisha," akawatangazia. "Nimemteka jenerali wao. Nilimtania kwa viatu, naye akanitania kwa ndizi, tena kanishinda, maana mimi sijawahi kuona mtu akitania bila kucheka. Mtani hana kesi."

Mjomba alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Nani atabishana na aliyemzaa? Mzee Hemedi, mtu wa busara, akadaka palepale, akaomba mateka asichinjwe kabla ya kunenepeshwa. Baba wa binti ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na hata mjomba mwishowe alificha mdomo kwa kofia. Na nyuma ya pazia, mwanangu, mama yako alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Jibu likatoka. Likawa ndiyo.

Mateka, hata hivyo, hakuachiliwa. Mzee Hemedi alirudi Korogwe kupeleka habari njema, mimi nikabaki Handeni siku kadhaa nikimchotea Bibi Zaina maji kwa baiskeli, kisima kiko mbali ajabu, nimevaa ndala za kuazima. Jirani zake wakapita kunitazama na kuniamkia "Jenerali, hujambo?" Nilipozoea nikaanza kuwajibu, na nilipoanza kuwajibu wakaanza kuniletea viazi.

Siku ya harusi Bibi Zaina alinirudishia kiatu. Kimoja. Nikamwuliza kingine kiko wapi, akasema kinapumzika. Basi kila nilipokwenda Handeni nikawa nakidai. Naenda na machungwa ya mama, namdai kiatu, ananitukana vizuri, narudi na mahindi. Mwaka mvua zilipowakataa kule, sisi ndio tuliopeleka ndizi, nami nikasema ni riba ya kiatu. Mama yangu alipougua, yule mjomba aliyemtaka mwenye ng'ombe ndiye aliyefika wa kwanza, akakaa kando ya kitanda chake, akamwambia kiatu kinamsalimu. Nimezunguka, mwanangu, nimeona masoko mengi na maghala mengi. Sijaona biashara iliyonilipa kama kiatu kile nilichonyimwa.

Bibi Zaina alipofariki nilikwenda kuzika. Baada ya maziko mama yako alinitoa pembeni, akanipa kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Sikukifungua, nilikijua kwa uzito. Akaniambia bibi aliagiza nipewe. Nililia kama mtoto, mbele za watu, wala sikuona haya. Kisha nikamrudishia. Nikamwambia akampe mjomba akitunze, na akikipoteza nitamshtaki. Kipo mpaka leo, kimetundikwa jikoni kwake, na kila Idi ananipigia simu kunitukana kwa ajili yake.

Nasema hivi, mwanangu, na hapa nasema bila mzaha. Hilo gemu lako si baya. Litakufundisha kuweka akiba, kujenga kabla ya mvua, kumjali mkulima kuliko mnara. Yashike hayo. Lakini humo kila kitu hulipwa papo hapo, nipe nikupe, kisha kila mtu anabaki na mpaka wake. Watu hawaishi hivyo. Watu huishi kwa nyongeza, na kwa vitu ambavyo havijarudishwa. Usikimbilie kumaliza hesabu na ndugu zako, maana hesabu ikiisha, ya kurudiana ni nini? Na mtu akikuchukulia kidogo huku anacheka, cheka kwanza. Kama ni mwizi utajua kesho. Kama ni mkwe, umeokoa nyumba.

Kwa hiyo huko Kwashemshi sitakuwa mkali. Nenda ukatazame chini ya kitanda changu. Nimenunua viatu vipya, vyeusi, vya ngozi, bei yake nimemficha hata mama yako mdogo. Si vya kuvaa, ni vya kuchukuliwa. Vikirudi vyote viwili, ujue posa yako imekataliwa.

Mungu akupe mke mwenye bibi mtundu. Akupe wakwe watakaokuibia ukacheka, na miguu ya kurudi kwao hata ukiwa peku. Amina. Sasa nipokee hiki kikombe, chai imepoa.