Mguu wa Kushoto wa Arvid

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Mkuu wa Vifaa, mzee mnene aliyevaa aproni ya ngozi, alinitupia kiatu cha kuchezea barafuni, kile chenye chuma chembamba chini ya soli, akasema, "Noa hiki." Sikuwa nimewahi kushika kitu kama hicho maishani. Lakini kunoa nilikujua. Kabla sijamfuata mke wangu Minneapolis, Marekani, alikokwenda kusomea uuguzi, nilikaa miaka sita kwenye karakana ya kiwanda cha mkonge kule Korogwe, nikinoa visu vya korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Basi nikapitisha ukucha kwenye chuma, nikalisikiliza jiwe la kunolea linavyozunguka, nikakisukuma kiatu polepole bila kukandamiza. Mzee akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena.

"Nani amekufundisha?"

"Mkonge," nikamjibu. Hakuelewa, lakini kazi nikapata.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye timu ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni, upande wa Saint Paul. Sisi tulikaa Phillips, mtaa wa Minneapolis, na kila asubuhi nilipanda mabasi mawili kuvuka mto. Nyumbani kazi yangu ilikuwa kichekesho. Jirani yetu Kamau, Mkenya aliyekuwa akisoma chuoni, alinishika mkono ngazini siku aliyosikia.

"Ati una-sharpen viatu? Mzee Mhina, hizo ni viatu ama ni panga?"

"Afadhali panga, halilalamiki."

"Wacha bana! Na wanakulipa?"

Walinilipa, tena vizuri, na ninyi vijana mnaocheka kama Kamau naomba mnisikilize kidogo. Chuma cha kiatu hakina makali upande mmoja tu kama kisu. Kina makali pande mbili, ya ndani na ya nje, na katikati yake jiwe huchimba kamfereji. Mfereji ukiwa wa kina, kiatu hung'ata barafu. Mchezaji anakata kona na kusimama ghafla, lakini anachoka upesi. Ukiwa wa juujuu anateleza kwa raha, ila akikosea ataikumbatia sakafu. Kila mchezaji ana kina chake, na wote nilikuwa nao kichwani, kuanzia kipa mpaka nahodha. Kumpa mmoja kina cha mwenzake ni sawa na kumvalisha miwani ya mtu mwingine.

Kati ya wote hao, niliyempenda ni Arvid. Siwezi kusema vinginevyo, nilimpenda. Alikuwa mshambuliaji na mfungaji wetu bora, mtoto wa mchimba madini kutoka kaskazini mwa jimbo, mrefu, mpole, meno ya mbele mawili hana. Wenzake waliacha viatu rafuni na kwenda zao. Yeye aliviweka mkononi mwangu kila asubuhi, kisha akaketi juu ya ndoo niliyoifudikiza, akanywa kahawa na kula maandazi aliyonifungia mama Asha, mke wangu. Alikula mengi kuliko mimi.

"Watu wanadhani bao hufungwa kwa mikono," aliniambia siku moja. "Bao hufungwa kwa kisigino, Mhina. Unafika pale kisahani kinapokuja, unasimama kabla beki hajajua kwamba umesimama. Mikono inamalizia tu."

Kisahani ndio mpira wao, kipande cheusi cha raba ngumu. Na kweli, nikimtazama kutoka mlangoni mwa chumba chetu cha vifaa, niliona Arvid hakimbii sana. Alikuwa anateleza kwa uvivu, kama mtu anayetafuta funguo zake, halafu ghafla anasimama kwenye mguu wa kushoto, unga wa barafu unaruka, na kipa yuko chini. Maelfu ya watu wanainuka. Nami fundi wa kunoa, mgeni kutoka Korogwe, najisikia kama nimefunga mimi. Ninaikumbuka mpaka leo harufu ya chumba kile, ngozi mbichi na chuma cha moto, na cheche zikiangukia aproni yangu. Sijawahi kuwa na raha kazini kama ile.

Sasa niwaeleze jambo ambalo si kila mtu anajua. Chuma kinasema. Ukipitisha ukucha kwenye kiatu kilichotoka mchezoni, unajua nani anaogopa kugongwa, nani mvivu, nani anaegemea upande gani. Mkuu wa Vifaa alinipa amri yake wiki ya kwanza: "Kinachosemwa na chuma kinaishia humu ndani. Ukikitoa, hakuna mchezaji atakayekuamini tena, na kazi hii ni kuaminiwa." Nikaishika amri hiyo kama sala. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi.

Msimu wangu wa nne, viatu vya Arvid vilianza kuniambia jambo. Makali ya ndani ya kulia yalirudi yameisha kabisa. Ya kushoto yalirudi kama nilivyoyaacha. Mara ya kwanza nikadhani nimekosea mimi. Baada ya michezo mitano nikajua: Arvid hasukumi kwa mguu wa kushoto, wala hasimami juu yake. Mtu aliyefunga mabao yake yote kwa kisigino kile alikuwa anakikwepa. Bado alifunga, maana akili yake ilikuwa mbele ya mabeki, lakini alifunga kwa kuazima mguu wa kulia.

Siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Kushoto chimba zaidi kidogo." Nikachimba. Wiki iliyofuata, "Zaidi kidogo." Nikachimba tena. Alikaa juu ya ndoo muda mrefu kuliko kawaida, andazi mkononi hajaligusa, ananitazama nikifanya kazi. Nami nikainamisha kichwa kwenye jiwe. Nilijua kwamba nyonga au goti limeharibika, na kwamba akiendelea litavunjika kabisa. Nilijua pia kwamba daktari wa timu akigundua, Arvid hatacheza tena msimu ule, na kwa umri wake pengine hatacheza tena kamwe. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yake.

Kisha Kocha Mkuu akaja mwenyewe chumbani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akafunga mlango.

"Mhina, wewe ndiye unayeshika viatu vyake. Arvid yuko sawa?"

Arvid alikuwa ukumbini, nilimsikia akicheka na wenzake. Nikamjibu, "Viatu vyake viko sawa, kocha."

Akanitazama. "Sikuuliza viatu."

"Mimi najua viatu tu."

Akaondoka. Nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mwanamume. Jumamosi ile mchana, kipindi cha pili, Arvid alisimama kwa mguu wa kushoto kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kulifikia bao lile. Mfereji niliouchimba ulishika barafu barabara, mguu haukuweza kuubeba mwili uliokuwa bado unakwenda. Niliusikia ukivunjika kutoka mlangoni, naapa. Hakuvaa tena viatu vile.

Mimi niliendelea na kazi. Mkuu wa Vifaa alipostaafu nikashika nafasi yake misimu miwili, halafu nikaenda kwenye uwanja wa barafu wa mtaa, na mwisho nikanoa viatu vya watoto dukani Richfield mpaka mgongo ulipokataa. Nimefundisha mafundi wanne. Wote niliwafundisha mfereji, ukucha na jiwe, na ile amri ya kunyamaza nikaiacha bila kuitaja, ingawa sikuwa na ujasiri wa kuwaambia kwa nini.

Mwaka niliostaafu, Arvid alikuja dukani kuniaga. Amenenepa, anatembea kwa kuyumba. Mama Asha alikuwa amenifungia maandazi, tukala nje kwenye benchi. Nikaona nikifa na jambo hili nitakuwa nimekufa vibaya, basi nikamwambia yote: ukucha, makali ya pande mbili, kocha, mlango uliofungwa. Nikamwambia, "Niliitunza siri yako na nikakuvunja mguu."

Alifuta sukari vidoleni.

"Ulidhani kwa nini niliendelea kukuletea viatu mkononi msimu ule wote, Mhina? Rafu ilikuwepo. Nilijua unaona. Mimi nilishindwa kusema, nikakaa kwenye ile ndoo kila asubuhi nikingoja useme wewe."

"Nami nilikuwa nangoja uniruhusu," nikasema.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akaniwekea mkono begani, akainuka kwenda garini, nami nikautazama mwendo wake kama nilivyozoea kutazama.

"Arvid!" nikamwita. "Huo mguu wa kushoto bado unaukwepa. Nenda kwa daktari."

Akasimama, akageuka, akanionyesha lile pengo la meno.

"Umechelewa miaka ishirini, mzee," akasema. Wiki iliyofuata alikwenda kwa daktari.