Mshale Usiolala

Lupakisyo aliupoteza usikivu wake kidogo kidogo. Miaka mingi aliendesha mashine ya kusaga pale Kilosa mjini, na kelele zake zikamla masikio mpaka akabaki anasoma midomo ya watu. Mkewe, Scholastica, akitaka kumwambia jambo alimgusa bega kwanza ili ageuke.

Lakini injini haina midomo. Pikapu yake ya zamani ya petroli ililemewa na gia naye hajui. Mara nyingine alipiga stata gari ikiwa tayari inawaka, meno yakasagana, watu wakageuka kumtazama.

Akajitengenezea mshale wa kumwonyesha mizunguko ya injini. Alichomoa kimita cha mshale kwenye redio kaseti mbovu, akachomelea vifaa vichache kwenye kipande cha bodi, akaunga kwenye betri moja kwa moja. Waya mrefu ukatoka hapo kwenda kuzungushiwa kwenye waya mkuu unaotoka kwenye koili kupeleka moto kwenye plagi zote, uhesabu kila cheche. Ili kuupima alitumia umeme wa nyumbani, ulioshushwa nguvu na transfoma ndogo, kwa kuwa mapigo yake hayabadiliki. Kwa injini yake yalikuwa sawa na mizunguko elfu moja na mia tano. Mshale ulipotulia, akatia alama kwa rangi ya kucha ya Scholastica.

Asubuhi moja ya ukungu, akielekea Mikumi, alisimama kando ya barabara kukaza turubai. Alizima gari akatoa ufunguo. Aliporudi kwenye usukani, mshale ulikuwa umesimama kwenye ile alama nyekundu.

Akaweka kiganja kwenye dashibodi. Haikutetemeka. Akafungua boneti, feni imetulia. Akarudi: mshale palepale, kama vile kuna mtu amekanyaga mafuta kwa mguu mmoja na hataki kuuondoa.

Kijana mfugaji, Isaya, alitokea kwenye ukungu na ng'ombe wake, akaamkia.

"Marahaba. Hebu niambie, gari hii inaunguruma?"

Isaya alimtazama yeye, akaitazama pikapu, akatikisa kichwa. "Imezima, mzee." Kisha akasema polepole, midomo ikionekana vizuri, "Usikae hapa sana. Hata hawa ng'ombe hawapendi kusimama hapa."

Kweli, ng'ombe walipita upesi, masikio yamelala nyuma. Lupakisyo akawasha gari, akaondoka. Mbele kidogo akasimama tena, akazima. Mshale ukalala.

Nyumbani alichomelea upya kila kiungo, akabadilisha vifaa alivyovishuku. Mshale haukukosea hata mara moja. Ndipo akamwomba mkewe waende wote, awe masikio yake.

Ukungu ulikuwepo tena. Alizima gari. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye nyekundu.

"Inawaka?"

"Haiwaki," alisema Scholastica. Halafu akamshika mkono. "Lakini kuna mvumo."

"Wa injini?"

"Hapana. Uko juu yetu."

Lupakisyo akatoa kichwa dirishani. Juu, nusu zimezama kwenye ukungu, zilipita nyaya za umeme mkubwa. Alizitazama muda mrefu, kisha akaitazama alama yake. Ni umeme uleule aliopimia! Ule waya mrefu ulikuwa unaunasa hewani kama antena, na bodi yake ikayahesabu mapigo kama cheche.

Alirudi akaubadilisha waya ule kwa waya wa antena ya televisheni, wenye wavu wa shaba ndani, na wavu akaufunga kwenye chuma cha gari ili uzuie umeme wa hewani. Akaongeza kapasita ndogo ya kuchuja mapigo ya ziada. Walipopita tena pale na kuzima gari, mshale ulilala kimya. Akacheka, akampigia mkewe makofi.

Scholastica hakucheka. Alipandisha kioo, akamwashiria waondoke.

Wiki kadhaa zilipita ndipo akamweleza, jioni wakila, uso kwa uso. Siku ile ya ukungu, alisema, ndani ya ule mvumo alisikia jina lake mwenyewe. Halikuitwa kwa nguvu. Lilitajwa tu, kama na watu wanaomzungumzia wakiwa chumba cha pili. Na walipopita mara ya mwisho, lilitajwa tena.

 Lupakisyo angeweza kumwambia kwamba nyaya zikilowa ukungu huvuma. Lakini yeye hajawahi kuusikia mvumo ule, na mkewe alikuwa anamtazama mdomoni, akisubiri.