Chanuo kwenye Karatasi Nyeupe

Kwa miaka kumi na saba Mujinga alikuwa akitengeneza mabango pale Matonge, mtaa wa Wakongo ughaibuni. Mwanamke huyo mzaliwa wa Likasi alisifika kwa kutoacha nafasi hata ya kidole: bango la kanisa lilikuwa na pasta, mke wa pasta, moto, njiwa na jua, na maandishi ya rangi tano juu yake. Wateja walimpendea hilo.

Jumamosi moja ya Machi mvua ilimkimbiza ndani ya jumba la maonyesho karibu na Porte de Namur. Yalikuwa maonyesho ya mabango ya Kijapani, na la kwanza tu lilimsimamisha pale pale. Refu kuliko yeye, jeupe pe, na katikati mwiko mmoja wa mti, punje tatu za wali zimeganda nchani. Basi. Chini kabisa, maandishi madogo kama sisimizi.

"Yesu wangu!" alisema kwa sauti, mlinzi akageuka. "Na ingine yote iko wapi?"

Kibao kilieleza kuwa ni tangazo la muuza mchele. Akalitazama tena, akahisi njaa. Njaa ya kweli, na alikuwa ametoka kula. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Ni lini bango lake lilimgusa mtu tumboni?

Wiki nzima alikodolea macho vifuniko vya chupa, pini, kamba za viatu. Kwa hiyo Maman Thérèse, mwenye saluni ya jirani, alipoagiza bango jipya, Mujinga hakumpiga picha. Aliazima chanuo la mti lililokuwa mezani, lenye jino moja lililovunjika, akalichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na chini namba ya simu ya saluni, ndogo kama sisimizi.

"Sura yangu iko wapi?" Thérèse alimaka. "Mujinga, uko mugonjwa?"

"Maman, weka tu semaine moja, siku saba."

"Na jino ilivunjika! Bantu batasema nini?"

Alilibandika nje ya mlango kwa hasira. Siku ya tatu halikuwapo. Mujinga akachapa lingine; nalo likatoweka.

Alhamisi asubuhi, wanawake hao wawili wakiwa wamesimama mlangoni, alikuja Papa Modeste, shemasi wa parokia, mtu ambaye hajawahi kuondoka hata na kalamu ya mwenzake. Kwapani alikuwa na bango lililokunjwa.

"Ni miye nilibeba. Yote mbili. Munisamehe, bamaman."

Thérèse alishika kichwa. "Papa Modeste! Weye?"

"Chanuo ya Claudine ilikuwa vile." Claudine alikuwa mkewe, aliyefariki miaka miwili nyuma. "Jino ilivunjika pale pale. Vitu yake yote nilitosha inje ya nyumba, bon, nilifikiri nitapona. Alafu nikapita hapa, nikamuona. Ile ya kwanza iko kwa ukuta. Hii narudisha, nilipata haya."

Mujinga aliketi kwenye ngazi. Yeye alichora chanuo tu. Hakuwahi hata kumwona Claudine.

Thérèse alimrudishia lile bango kwapani. "Papa, beba na hii."

Mzee alipoondoka, Thérèse aliagiza la tatu, kubwa zaidi, jino lile lile lililovunjika, ila namba ya simu iongezwe ukubwa. Mujinga alikataa katakata. Waligombana juu ya namba hiyo mpaka saa sita mchana.